Ngoma Mbele ya Altare: Namna Wazee Wetu Walivyotunza na Kurithisha Michezo



Kurasa zilizotangulia zimewaonyesha majina ya mapadri waliotuchunga, miaka ya ujenzi wa kanisa na hesabu ya waliobatizwa. Kazi ya kukusanya habari hizo haikuwa nyepesi, lakini ilikuwa na mahali pa kuanzia: daftari la ubatizo lipo, la ndoa lipo, barua za askofu zipo. Sisi tumepewa fungu lisilo na daftari. Tumeombwa kueleza namna michezo inayochezwa mbele ya altare, na ile mingine iliyochezwa vijijini kabla ya altare kujengwa, ilivyotunzwa na kufikishwa kwa watoto wa leo. Swali ni fupi: wimbo huandikwa katika kitabu cha nyimbo, mchezo je, huandikwa wapi?

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 6, chaeleza kwamba mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Bwana, naye amevaa efodi ya kitani. Vinubi vimetajwa, matari yametajwa, matoazi yametajwa. Hata dharau ya Mikali, mkewe aliyemchungulia dirishani, imeandikwa. Lakini Daudi alianza kwa mguu gani? Aligeuka mara ngapi? Mikono ilikuwa juu au kiunoni? Mwandishi hakusema neno, bila shaka kwa sababu wasomaji wake walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao namna watu wa Israeli wachezavyo. Hivi leo twajua kwamba Daudi alicheza, wala hatuwezi kucheza kama Daudi.

Wazungu nao walihangaika na jambo hilo hilo, na wageni wetu mapadri watafurahi kusikia kwamba mmojawapo wa watu wa kwanza waliojitahidi kuandika mchezo kitabuni alikuwa mtu wa Kanisa. Jehan Tabourot, kanoni wa Langres katika Ufaransa, alitoa mwaka 1589 kitabu kiitwacho Orchésographie. Hakutia jina lake, bali alizipindua herufi za jina hilo akajiita Thoinot Arbeau. Kitabu ni mazungumzo ya mzee na kijana, Capriol, aliyekuja kuomba kufundishwa. Kanoni alisimamisha nota za muziki kutoka juu kwenda chini, na kando ya kila nota akaandika jina la hatua inayoiendea. Mwaka 1700, mjini Paris, Raoul-Auger Feuillet alitoa namna nyingine: alichora njia ambayo mchezaji huipita sakafuni, kisha akatia alama za mguu wa kuume na wa kushoto pembeni mwa mstari. Mwaka 1928 Rudolf Laban alitoa maandishi yanayosomwa kutoka chini kwenda juu, ambamo umbo la alama laonyesha upande, rangi yake yaonyesha juu au chini, na urefu wake waonyesha muda. Maandishi hayo yaweza kuandika hata mchezo wetu, mabega na kiuno na vidole. Ila yataka mwandishi aliyeyasomea kwa miaka, na msomaji aliyeyasomea vilevile. Parokia yetu haina mmoja wala mwingine, na fedha za kumsomesha zingetosha kuezeka shule.

Yafaa basi tutazame wazee wetu walitumia nini, maana si kweli kwamba hawakuwa na akiba.

Babembe na Balega wanaujua Bwami, chama chenye vyeo ambacho mtu hupandishwa humo hatua kwa hatua. Ndani ya vikapu vya Bwami hutunzwa vitu vingi: sanamu ndogo za pembe na za mti, vinyago, makombe, midomo ya ndege, ngozi za wanyama. Asiyefundishwa huona takataka za porini. Lakini siku ya kupandishwa cheo, mwalimu wa mambo hayo hukitoa kitu kimoja, huimba methali yake, na huicheza methali hiyo akiwa na kile kitu mkononi. Kitu peke yake hakisemi. Methali peke yake yaweza kuelekea maana nyingi. Mchezo peke yake ni miguu tu. Vitatu vinapokutana ndipo fundisho hutimia, na kila kimoja humkumbusha mwalimu vile viwili vilivyobaki. Mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyekaa kwa Babembe na kwa Balega karibu na mwaka 1950, ameyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake juu ya Balega kilichotoka mwaka 1973.

Balega wanayo pia mutanga, kamba ambayo vitu vidogo hufungwa juu yake, kila kimoja na methali yake. Mzee hushika kitu, kijana hutaja neno. Padri Georges Defour, wa Mapadri Weupe, alitoa kitabu juu ya kamba hiyo huko Bukavu mwaka 1979. Ni yeye yule aliyeanzisha harakati ya Xaveri mwaka 1952, na wengi wetu tulioimba na kupiga makofi katika kambi za Xaveri hatukujua kwamba mwanzilishi wetu alikuwa akiichunguza kamba ya wazee. Kusini zaidi, Baluba wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na misumari ambao kidole kilipita juu yake wakati wa kusimulia habari za wafalme.

Mnaona kwamba mahali pote pawili, vidole na macho vilipewa kazi ya kuukumbusha mwili. Basi fikirini lilitokea nini mwaka 1948, serikali ya Wabelgiji ilipoukataza Bwami. Vitu vingi vilitoka vikapuni, vingine kwa kuuzwa, vingine kwa kunyang'anywa, vikaenda Ulaya. Sanamu na vinyago vya nchi hii hutazamwa leo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, nyuma ya kioo, vimesafishwa vizuri. Mchezo haukupakiwa katika sanduku. Ulibaki kwa wale waliokwisha kuufundishwa, nao walizeeka. Hatuandiki haya ili kuutetea Bwami mbele ya Injili. Neno hilo lina mahali pake katika katekesimu. Twaandika ili ionekane kwamba mchezo waweza kufa hata kabla ya mchezaji, ukinyimwa kile kilichoukumbusha.

Ng'ambo ya Ruzizi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Jioni, mtu akisimama kando ya ziwa hapa Uvira, huona taa za Bujumbura. Barundi walikuwa na ngoma za mwami, na kazi ya kuzipiga na kuzicheza ilikuwa ya ukoo: kule Gishora, karibu na Gitega, Abatimbo walirithishana, baba kwa mwana. Ngoma moja, inkiranya, husimama katikati na kuongoza. Ngoma za amashakwe hushika mdundo usiobadilika. Ibishikizo huifuata ile ya katikati. Mchezaji mmoja hutoka mbele, huruka, hupiga, hurudi, na mwingine hutoka. Hapo mpango wa mchezo umetunzwa katika mpango wa ngoma zenyewe: mtoto akijua mahali pa ngoma yake, ajua wakati wake wa kutoka. Ufalme uliondolewa tarehe 28 Novemba 1966, nao mchezo ukabaki, ukaingia katika sikukuu za taifa na majukwaa ya nchi za nje. Mwaka 2014 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mwaka 2017 amri ya serikali ya Burundi ilikataza wanawake kuzipiga ngoma hizo. Kwa hiyo orodha moja imehifadhi jina la mchezo, na amri nyingine imesema ni nani atakayeucheza. Lakini hatua zenyewe bado zafundishwa kama zamani, mkubwa mbele na mdogo nyuma.

Sasa tuje kwa habari ya Injili. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Mulweba, kwa Masanze, mwaka 1880, na ile ya Kibanga katika Ubwari mwaka 1883. Kardinali Lavigerie aliwaagiza wana wake kuandika diaire, kitabu cha kila siku, na kwa agizo hilo historia ya Kanisa kando ya Tanganyika ina deni kubwa kwake. Lakini diaire huhesabu wabatizwa, wagonjwa, wageni na vita. Si kitabu cha kufundishia ngoma. Na tuseme kweli, wamisionere wengi wa zamani waliiogopa ngoma, hasa ya usiku. Waliona humo pombe, uasherati na matambiko. Mara nyingine waliona sawa. Mara nyingine walifunga mlango kwa wote, kwa mkosaji na kwa asiye na kosa, na mwalimu wa misioni aliyeonekana akicheza alihesabiwa kuwa amerudi nyuma. Hivyo kwa miaka mingi mkristu alikuwa na miguu miwili ya namna mbili: moja ya kanisani, iliyosimama na kupiga magoti, na moja ya nyumbani.

Wakati huohuo mchezo mmoja ulisafiri bila padri wala mwalimu. Ni Beni, uliozaliwa katika pwani ya Waswahili mwishoni mwa karne ya 19, ukiiga bendi na gwaride la askari wa Wazungu. Vita vya 1914 hadi 1918 viliuchukua bara. Askari wa Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na Wabelgiji wakakaa Kigoma na Ujiji kwa miaka kadhaa. Baadaye mchezo huo, ukiitwa Mbeni, ulionekana hata Katanga, na serikali ikaushuku. Mwalimu wa historia Terence Ranger ameuandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975. Kwa nini ulienea upesi namna hiyo? Kwa maoni yetu ni kwa sababu ulikuwa na amri. Mtu aliyekwisha kufundishwa gwaride alikuwa tayari ameyajua mengi ya mchezo: mstari, kugeuka, kusimama, cheo cha mbele na cha nyuma. Mchezo uliandikwa katika miili ya askari kabla haujachezwa, na jeshi lililipa karo.

Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na kwaya yake walitoa Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa sauti za Kongo. Sahani zake zilizunguka dunia. Hapo ndipo wengi walianza kusadiki kwamba nyimbo zetu zaweza kuingia kanisani. Sahani iliuchukua wimbo. Mguu ulingoja mlangoni. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua mlango kwa desturi za mataifa, nao maaskofu wa nchi yetu hawakukawia kuitikia. Kazi iliyoanza kufikiriwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ambayo Kardinali Malula aliipigania sana, ilithibitishwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988: Misale ya Kiroma kwa dioseze za Zaire. Baba Mtakatifu Fransisko alisoma Misa kwa utaratibu huo katika basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019, kisha Ndolo, Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023.

Waheshimiwa mapadri waichukue Misale hiyo na kuitazama. Utaratibu waagiza maandamano ya kuingia kwa kucheza, wahudumu kuizunguka altare wakati wa Utukufu, watu kucheza mahali walipo, na matoleo kuletwa kwa mwendo wa mchezo. Mambo makubwa yamo. Lakini hatua hazimo! Misale yasema chezeni, kama vile Kitabu cha Samweli kisemavyo Daudi alicheza. Wengine hulaumu upungufu huo. Sisi twaona kwamba ulikuwa ni busara, maana hatua ya Kinshasa si hatua ya Kisangani, na hatua ya Bafuliiru wa milimani si ya Babwari wa ziwani. Lakini busara hiyo ilituachia mzigo: kila parokia ilibaki na wajibu wa kutunza yake.

Na hutunzwaje? Yeyote aliyefika kwa mazoezi siku ya Jumamosi ameona. Mwalimu wa wachezaji, mara nyingi mama wa makamo, hasimami akiwatazama watoto. Huwapa mgongo, ili kuume kwake kuwe kuume kwao. Kwanza hakuna ngoma; yeye huutaja mdundo kwa kinywa, na watoto huurudia kwa makofi mpaka wote wawe sauti moja. Kisha miguu, polepole, bila mikono. Kisha mikono. Wimbo huja mwisho, kwa sababu wimbo ndio kamba ya mutanga: kila neno limefungiwa tendo, na mtoto akisahau hatua husikiliza maneno, naye huona mwili wake umekwisha kwenda. Aliye mgeni huwekwa katikati ya mstari, kati ya wawili wanaojua, wala hawekwi mwishoni, kwa sababu mstari ukigeuka wa mwisho huwa wa kwanza. Mpiga ngoma naye ana alama zake. Mpigo mmoja wa nguvu kabla ya kubadili huwaambia wote: sasa. Mpiga ngoma akifa au akihama, na mwingine asiyeijua alama hiyo akikaa mahali pake, mchezo wote huvurugika hata kama wachezaji ni walewale. Hilo watu wengi hawalifikiri. Humsifu mtoto anayecheza vizuri, na humsahau kijana aliyeketi pembeni na ngoma, ambaye nusu ya mchezo imo katika mikono yake.

Kulikuwa pia na shule nyingine ya kucheza, ambayo wakubwa wetu waikumbuka kwa kucheka na kwa kuhuzunika. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati wa Mobutu, animation politique ilichezwa katika shule, ofisi na viwanda, kumtukuza mwongozi na chama chake, M.P.R. Wafundishaji walipita, mistari ilipangwa, kila mtu alijua mahali pake. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza vyama vingi, michezo hiyo ilinyamaza. Lakini mwambieni leo mtu mwenye miaka sitini asimame, mmwimbie mwanzo tu: mikono yake itainuka yenyewe. Wapo wanaosema kwamba mistari yetu iliyonyooka mno katika maandamano ya kuingia ilitoka huko. Yawezekana, mwili hauna droo mbili.

Vita ndivyo vilivyoharibu zaidi. Uvira ilitwaliwa na waasi mwezi Mei 1964, na tarehe 28 Novemba ya mwaka ule Frera Vittorio Faccin, Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Baraka na Fizi. Watu walikimbilia milimani na ng'ambo ya ziwa. Mwezi Oktoba 1996 walikimbia tena, na katika mwaka huo kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa kuwapokea watu wa Kivu Kusini. Mtu akikimbia huchukua mtoto, sufuria, pengine kitambulisho. Mchezo aenda nao bila kujua. Lakini mchezo wa mstari wataka mstari: mama mmoja akiwa Nyarugusu, wa pili Bujumbura, wa tatu amebaki Makobola, kila mmoja ana kipande, na vipande havikutani.

Siku hizi watu hutujibu kwamba telefoni imemaliza shida. Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo alikuja hapa Uvira kuwatangaza wale mashahidi wanne kuwa Wenye Heri, na mikono iliyoinua telefoni ilikuwa mingi kuliko mitende ya Jumapili ya Matawi. Tumezitazama picha kadhaa. Huonyesha kofia za maaskofu, nyuso za wachezaji, vitambaa. Miguu imefichwa na vichwa vya watu. Sauti ya ngoma imemezwa na kinanda cha umeme. Na jambo la pili latusumbua zaidi: telefoni ileile huwaletea mabinti wetu michezo ya parokia za Kinshasa, mizuri, iliyopigwa picha vema, nao huijifunza kwa siku mbili. Hatuwalaumu. Mchezo wa Kinshasa una mwalimu asiyechoka, anayerudia mara mia bila kukaripia, lakini mama wa Mulongwe anachoka. Ila tukiendelea hivi, katika miaka kumi watu watakuja Uvira kutazama Misa na kuona mchezo uliotoka mtoni Kongo, kilomita nyingi kutoka ziwa hili.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kutayarisha Jubilei, tumeanza daftari. Si maandishi ya Laban. Ukurasa umegawanywa mafungu manne: neno la wimbo, mdundo wa ngoma kama unavyotajwa kwa kinywa, mguu, mkono. Kanoni Tabourot angeutambua. Pamoja na daftari, mchezo hupigwa picha kwa telefoni kutoka nyuma ya wachezaji, telefoni ikiwa chini karibu na ardhi, na mpiga ngoma akionekana, nyuso hazihitajiwi. Daftari limewekwa ofisini pamoja na lile la ubatizo, katika kabati ya juu, maana mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalitufundisha wote kuhusu makabati ya chini.

Kazi hiyo imetuonyesha jambo tusilolitazamia. Mama mmoja aliyerudi kutoka Nyarugusu aleta matoleo kwa kurudi nyuma hatua mbili baada ya kila kituo. Wenzake waliobaki Uvira hurudi moja tu. Walibishana sana, kila upande ukisema ndivyo walivyofundishwa na mama yuleyule, marehemu sasa. Katika daftari tumeziandika zote mbili, bila kusema ipi ni ya kweli. Kwa Misa ya Jubilei, mavuno yataletwa kwa hatua moja, mkate na divai kwa hatua mbili. Wazee wanaokumbuka michezo ya sikukuu za kabla ya mwaka 1964, hata wale wasioweza tena kusimama bali waweza kuonyesha kwa mikono wakiwa wameketi, twawaomba wafike Jumamosi saa nane, mazoezi yanapoanza. Viti vitawekwa chini ya mwembe, na vijana watawafuata nyumbani wale wanaokaa mbali.